Kompyuta Imenianika Mbele ya Wakwe

Jameni, leo sina mahali pa kuweka uso.

Wengi mnajua mimi hufanyia kazi nyumbani, hapa Mlolongo. Nasikiliza rekodi za mikutano ya watu na kuziandika. Babake Mwende, mke wangu, hajawahi kukubali kwamba hiyo ni kazi. Yeye ana duka la mbegu na dawa za mifugo kule Ekalakala. Kwake, mwanamume hutoka asubuhi na kurudi jioni na vumbi. Kila tukionana huniuliza, "Na kazi, bado hujapata?"

Sasa leo wamekuja, yeye na mama mkwe. Mzee amebeba kompyuta ya duka ndani ya gunia la mbolea. Akaitua mezani.

"Imekuwa nzito. Fundi anasema ninunue ingine. Mwende anasema wewe unajua hizi vitu."

Mnaelewa? Mimi! Najua! Nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

Kompyuta yangu ni mtumba wa ofisi, na spika zake zilikufa zamani. Ilikuwa imeshakufa hadi nilipoiwekea Linux, ule mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua mtandaoni. Tangu siku hiyo inakimbia kama swara. (Na tangu siku hiyo mimi ni mhubiri. Majirani wakiniona na flashi mkononi wanabadilisha njia.)

"Baba, usinunue kitu. Tukule kwanza, halafu niwaonyeshe yangu."

Ningekula nikatulia, ningeokoka. Lakini mimi na kiti hatupatani. Ugali haujapoa, nimeshasimama, tonge mdomoni, navuta nyaya nyuma ya televisheni. Nikaweka video ya harusi yetu. Picha safi kabisa! Pale mbele Mzee mwenyewe anatoa hotuba, mdomo unafunguka na kufungika kama wa samaki. Sauti, wapi.

"Mbona siongei?" Mzee akauliza.

"Inakuja, Baba."

Nikapandisha sauti ya televisheni hadi mwisho. Kimya. Nikabonyeza hiki. Nikabonyeza kile. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo, vidole vina mafuta ya kuku. Kimya.

"Si ukae chini kwanza?" Mwende akaniambia.

"Nakuja, nakuja."

Nikasimamisha video, picha ya harusi ikabaki kwenye televisheni, nikageuza skrini yangu ndogo ielekee ukutani, nikaingia kwenye grupu yetu ya watu wa Linux. Uso umekunjamana kama wa daktari kwenye upasuaji. Vidole navyo vinasengenya:

"Wadau, sauti haitoki kwa televisheni. Nisaidieni haraka. Baba mkwe amemaliza mapaja yote ya kuku na sasa ananitazama kama ng'ombe mgonjwa."

Rafiki yangu Musyoka akajibu: "Pole! Wanaenda lini?"

Wakati huohuo mama mkwe akasema, "Sisi tutarudi nyumbani Jumapili."

"Mbona haraka hivyo, Mama!" nikasema kwa furaha. "Kaeni hata mwezi!"

Vidole: "Wakikaa mpaka Jumapili, mimi nahamia mlimani Lukenya nikaishi na nyani."

Musyoka akanielekeza: ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua televisheni. Nikachagua. Nikarudi kwenye grupu kumshukuru.

Televisheni ikapiga kelele.

Sauti ya mwanamume. Kavu, ya puani, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya sufuria. Kumbe Linux ina msaidizi wa kusomea watu wasioona vizuri, anayetamka kila kilicho kwenye skrini. Na vile vidole vyangu vya mafuta vilikuwa vimemwamsha! Basi akaanza kusoma grupu, Kiswahili chetu kwa ulimi wa Kizungu.

"Bei-ba em-kwei..."

Nikapumua. Nani ataelewa hiyo?

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Huyu mama amehudhuria mikutano mingi ya injili yenye wageni wa ng'ambo wanaojaribu Kiswahili. Akainua kidole.

"Nyamazeni. Huyu mzungu amesema 'baba mkwe'."

Na akaanza kutafsiri. Sentensi kwa sentensi, kama yuko jukwaani!

"Anasema baba mkwe amemaliza mapaja ya kuku."

"Kyaũ? Nini?" Mzee hakuamini masikio yake.

"Mapaja. Ya kuku. Ni wewe."

Natafuta kitufe cha kumzima. Kila ninachobonyeza, anakitaja jina. Mama haachi.

"Anasema tukikaa mpaka Jumapili, yeye anahama. Anaenda Lukenya."

"Kufanya nini?"

"Kuishi na nyani."

Nikang'oa waya. Mwende amejifunika uso kwa leso, mabega yanatetemeka. (Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Tutaongea.)

Mzee akainuka. Akanijia polepole.

"Baba, hiyo ilikuwa..."

Akanipita. Akainamia skrini yangu mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Hii kitu inasoma yenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Hata jina ya dawa? Hata vile imeandikwa kidogo kidogo?"

"Kila kitu."

"Yangu si nzito," akasema. "Ni macho. Siku hizi maandishi naona kama ukungu. Nikaona afadhali niseme ni mashine."

Mama mkwe, aliyekuwa na tafsiri ya kila neno, akamshika mkono tu.

"Niwekee hiyo," Mzee akaniambia. "Lakini kwanza uombe msamaha ya kuku."

Nikaomba. Nikapiga na magoti.

Linux imeshaingia kwenye kompyuta yake, inakimbia vizuri. Shida ni moja: sijui nilibonyeza nini kumwamsha yule msaidizi! Nimejaribu kila mchanganyiko mpaka nikakimbilia bafuni na simu, nikidai tumbo. Huko sebuleni wamerudisha waya kwa yangu ili Mzee azoee ile sauti, na grupu bado iko wazi. Musyoka ametuma "hahahahaha" na imesomwa yote, ha baada ya ha. Nimemsikia Mzee akiuliza, "Na huyo anacheka ni nani?"

Kwa hivyo anayejua hivyo vitufe anipigie simu. Na kicheko, tafadhali, kibaki tumboni. Hapa kwangu kinasomwa kwa sauti.