Mandhari Rasmi ya Gasenyi

Jumatatu ya kwanza ya Februari 2003, Serikali iliwatangazia wananchi wote, wa mjini na wa milimani, kwamba kuanzia siku hiyo vita havitaonekana tena nyuma ya viongozi. Tangazo halikusema kwamba vita vimekwisha. Hilo lilikuwa chini ya wizara nyingine. Tangazo lilisema tu kwamba picha zote za pamoja, zile zinazoitwa foto ya familia hata kama waliosimama hapo hawasalimiani, zitapelekwa kwanza kwenye Idara ya Mandhari Rasmi, Rohero kwenye mtaa wa wakubwa, ghorofa ya tatu, zikapatiwe mandhari yenye kuleta matumaini.

Idara ilikuwa na Mkurugenzi, katibu muhtasi, Tume ya Ufundi na mihuri minne. Kompyuta ndiyo haikuwa nayo, kwa hiyo wakamfuata Chabani.

Chabani alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Buyenzi, mtoto wa mpiga picha. Baba yake alikuwa akiwasimamisha maharusi mbele ya shuka lililochorwa maporomoko ya maji, na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika kwamba hakulowa. Chabani alirithi studio, akalikunja shuka, akanunua kompyuta yenye programu ya kuhariri picha. Kwa programu hiyo aliweza kuwakata watu ishirini kutoka ukutani, sikio kwa sikio, akawabandika Makka au uwanja wa ndege. Aliona ni kazi ya halali, maana bibi harusi mwenyewe anajua alikuwa wapi.

Kazi ya kwanza ya Idara ilikuwa ya Gasenyi, mtaa wa chini ya mlima ulioungua vitani. Mkurugenzi Térence na wenzake kumi na wawili walikwenda huko kuzindua ujenzi mpya wa nyumba zilizochomwa. Walikaa dakika saba. Dakika ya nane risasi zikasikika upande wa mlimani, na ratiba ikafupishwa kwa sababu za kiufundi. Picha waliyorudi nayo ilionyesha viongozi kumi na watatu wakitabasamu mbele ya kuta nyeusi zisizo na paa. Idara ikaamua kwamba viongozi wametoka vizuri, kosa ni la mtaa.

Chabani akatafuta nyumba nzuri kwenye kalenda ya Uswisi iliyotundikwa kwa kinyozi. Akafuta theluji. Akafuta ng'ombe, akasahau mmoja. Tume ya Ufundi ilikaa vikao vitatu. Cha kwanza kiliagiza vigae vigeuzwe mabati, kwa kuheshimu utamaduni. Cha pili kilimjadili ng'ombe, kikampitisha. Cha tatu kilihusu bomba la moshi juu ya paa, kitu ambacho hakuna mjumbe aliyewahi kukiona Gasenyi. Ilikubaliwa kwamba moshi ni dalili ya mapishi, na anayepika hana malalamiko. Picha ikapigwa muhuri, nakala zikaenda kwa wafadhili, moja ikabaki kwenye faili la Gasenyi.

Kwenye faili hilohilo lilikuwamo jina la Adija, shangazi yake Chabani, mjane. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kushoto. Tangu ilipoungua alikuwa akilala studio, nyuma ya lile shuka, lililotundikwa tena kuwa pazia. Kila aliyeunguliwa alikuwa na haki ya mabati thelathini, na shangazi alikuwa ameyangoja miezi kumi na minne. Kuta zake za matofali mabichi zilikuwa bado zimesimama, zimeponea chupuchupu mvua za mwaka jana, lakini mvua kubwa ziko njiani, na ukuta wa namna hiyo usipoezekwa unarudi kuwa tope.

Shangazi alipokwenda Idarani kuyaulizia, katibu muhtasi, Consolate, alifungua faili akamwonyesha picha. Nyumba ya tatu ilikuwa na mabati mekundu, bomba la moshi na ng'ombe mlangoni. Akamweleza kwa upole kwamba mtu hapewi mabati mara mbili.

Shangazi alirudi Buyenzi kwa miguu, akaketi mbele ya kompyuta.

"Chabani, ni nani alinijengea nyumba?"

"Ni mi, shangazi."

"Umejenga muzuri. Sasa unipatie ufunguo."

Chabani aliona aibu. Kesho yake akapanda ghorofa ya tatu kuomba paa liondolewe. Térence alimpokea vizuri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na utaratibu. Akamfahamisha kwamba nyumba ikishapigwa muhuri haiungui. Kama huyo mama anadai hana paa, alete picha ya kuthibitisha. Chabani akasema ataipiga leo hii. Térence akasikitika kumkumbusha kwamba picha yoyote ya Gasenyi lazima ipitie kwanza Idarani kupatiwa mandhari.

"Lakini kuta zitaanguka, Bwana Direkteri. Mvua inakuja."

"Kwa foto hakuna mvua," Térence akajibu. Kisha akaagiza ile picha ya viongozi ikuzwe iwe zawadi ya Waziri, kwa sharti moja: yeye Mkurugenzi aonekane karibu zaidi na wananchi.

Chabani alirudi studio na hasira iliyotulia. Akamtoa Térence katikati ya wenzake, sikio kwa sikio, akampeleka mpaka mlangoni pa nyumba ya tatu, akamshikisha kitasa. Akatundika pazia la maua dirishani, akaegesha baiskeli ukutani, akamsogeza ng'ombe ubavuni pake. Ukiitazama usingesema huyu ni mgeni. Térence mwenyewe aliipenda, akaipiga muhuri kwa mkono wake.

Waziri naye aliguswa. Siku hizo viongozi wapya waliorudi kutoka kwenye mazungumzo ya amani walikuwa wengi kuliko nyumba za Rohero, na Waziri hakujua pa kuwaweka. Akaandika barua ya pongezi: kwa kuwa Mkurugenzi, kama picha inavyoshuhudia, amekwisha kuyazoea maisha ya Gasenyi, anapewa heshima ya kuwa kiongozi wa kwanza kuhamia huko, nyumba ya tatu kutoka kushoto. Funguo za nyumba yake ya Rohero zikabidhiwe Ijumaa.

Térence aliisoma barua mara nne. Kusema nyumba haina paa ni kusema muhuri wake unadanganya. Akafunga mizigo.

Ijumaa lori likashusha makochi na friji juu ya majivu. Afisa itifaki wa Waziri aliyaona majivu, lakini hakuwa ametumwa kuona majivu. Alitumwa kuandika kwamba Mkurugenzi amehamia. Shangazi Adija, mwenye kiwanja, alisimama kati ya kuta nyeusi, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Chabani alikuwa pembeni na kamera.

"Karibu, Direkteri. Vua viatu, hapo uko njo ndani ya nyumba."

Térence alimtazama afisa itifaki. Afisa alikuwa anaandika. Térence akavua viatu.

Saa nane mvua ikashuka. Shangazi hakumpenda yule mtu, lakini mgeni ni mgeni. Akalikunjua lile shuka la studio, alilokuja nalo, akamfungia kona hadi kona ya kuta. Térence akachuchumaa chini ya maporomoko ya maji, akampigia Consolate simu, akaagiza mabati thelathini sasa hivi. Consolate akafungua faili. Akamweleza bosi wake kwa upole uleule kwamba mtu hapewi mabati mara mbili, labda kama ana picha.

Térence alikata simu, maji yakimtiririka masikioni.

"Chabani, piga foto."

"Nitie mandhari gani, Bwana Direkteri?"

"Usitie kitu. Acha vile iko."

Tume ya Ufundi ilikutana Jumatatu, ikampongeza fundi kwa kuta zilizoungua kama za kweli, ikaipitisha picha kuwa uthibitisho. Jumanne mabati yakafika, kwa jina la mwenye kiwanja, maana utaratibu ni utaratibu. Kuta zilikuwa zimelowa lakini zimesimama. Kufikia alasiri Shangazi Adija alikuwa na paa, na machozi yalimtoka mbele ya mafundi bila kuyaficha.

Térence, aliyekuwa amelala chini ya shuka siku nne, akaomba naye aingie. Shangazi akamtuma Chabani alete ile picha kubwa, nakala yenye muhuri. Akavaa miwani, akaitazama kwa makini, akaweka kidole.

"Apana, Direkteri. Kwa foto we uko inje, na ng'ombe."