Weupe Mliouona Kifuani Mwangu

Tunduma,
21 Oktoba 2014

Kwa Ndugu Mganga Mfawidhi,

Salaam aleikum, na kama salamu hiyo si ya kwenu, basi habari za kazi. Mimi ni Alhaji Ashraf, msafirishaji wa mizigo, yule uliyemfungia chumba cha mwisho tangu arudi Maka na kikohozi. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia picha ya eksirei mliyonipiga kifuani. Kwa sababu ya picha hiyo umesema huenda nina virusi vya korona vya huko Arabuni, na kwamba sitoki mpaka majibu ya makohozi yarudi kutoka Dar es Salaam. Jumamosi hii namuoza binti yangu Fauzia. Mimi ndiye baba, mimi ndiye walii wa kumuozesha, na siku hiyo nimeingoja tangu mama yake afariki. Kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho.

1. Picha yenyewe haina sura. Nimeiinua dirishani nikaitazama sana, na mbavu zile zinaweza kuwa za mtu yeyote kutoka hapa hadi Itumba. Tena mimi ni mnene. Huyo wa kwenye picha ni mifupa mitupu.

2. Unasema kosa langu ni weupe kwenye mapafu, chini huku na huku. Ndugu Mganga, nimetoka Hija. Nilivaa nyeupe kule na nimerudi na kanzu nyeupe. Ulitegemea ndani niwe na rangi gani?

3. Dereva wangu Zabron anavuta sigara tangu enzi za ruksa, zaidi ya miaka ishirini sasa. Mwaka jana alipigwa picha kwa mashine hiyohiyo, mapafu yakatoka meusi tii, mkampongeza na kumrudisha kwenye usukani. Mvuta sigara mwenye mapafu meusi yuko barabarani, mimi mweupe nimefungiwa. Nimeitafuta haki hapo, sijaiona.

4. Mpiga picha aliniamuru nivute pumzi niishikilie. Nikaishikilia, nikakohoa, akasema turudie. Mara nne. Hakuna mtu anayetoka vizuri kwenye picha namna hiyo.

5. Hujaji akirudi, watu huja kumpa mkono, wakala tende, wakaombewa dua. Wangu walisimama ng'ambo ya uzio wakanipungia kama basi la Mbeya linaondoka. Tende nimezila peke yangu, kilo mbili, na tumbo nalo sasa linalalamika.

6. Umenishauri mdogo wangu Seleman aozeshe kwa niaba yangu. Seleman akishika kipaza sauti, hakiachii mpaka umeme ukatike. Na zaidi ya hayo inaniuma, sina neno jingine.

Basi naomba picha irudiwe, nikiwa nimevaa kanzu na nimetulia. Ikishindikana, mashine ipakiwe kwenye Fuso langu, iletwe ukumbini Jumamosi, ipige kifua cha kila mgeni akianza bwana harusi. Watakaotoka weupe tufungiwe wote humohumo. Biriani itakuwepo, na mimi nitakuwa nimeshaozesha.

Nisalimie nesi Jenista, mpiga picha, mlinzi wa geti, na wagonjwa wa wodi zote, ambao nawasikia kupitia ukuta na bila shaka nao wananisikia.

Ni mimi, mwenye afya njema,
Alhaji Ashraf

Tanbihi ya aliyeshika kalamu: Ndugu Mganga, mimi ni Fauzia. Baba alikuwa akinitamkia barua hii kutoka ndani, nami nikiandika nje ya dirisha. Tulianza asubuhi, sasa ni magharibi, maana kila baada ya maneno matatu anapumzika, na kwenye namba sita alilia. Tafadhali usimfungulie. Harusi niliiahirisha jana. Naomba asiambiwe mpaka apate pumzi ya kutosha kunigombeza.