Gundi ya Jiwe la Angani

Zablon alishuka treni Tabora na koti jeupe, viatu vinavyolia na ulimi uliokwisha kula watu wengi. Sokoni akayaona madebe ya asali ya Apolinaria, na papo hapo akagundua hatari kubwa inayoikabili dunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Onja, usimalize."

"Mimi Mgogo wa Mpwapwa. Wewe Mnyamwezi. Watani hatufichani: kuna jiwe linakuja kutoka angani."

"Kubwa?"

"Linafunika Tabora, na Nzega linaikanyaga kwa kidole."

Apolinaria akaweka kijiko chini.

"Mawe mengine ni chuma kitupu," Zablon akaendelea. "Wataalamu wanaweza kuligonga jiwe kwa chombo, likahama njia. Walishagonga moja, redio ikatangaza."

Hapo, msomaji, alisema kweli. Tapeli stadi hutanguliza kweli kama mpishi anavyotanguliza maji.

"Lakini hili letu ni lundo la kokoto, kama zile za mtaro nyuma ya kibanda chako. Ukiligonga, linasambaratika, linanyesha hapa hapa Chemchem."

"Kwangu!"

"Juu ya bati lako. Lazima kwanza tuligundishe, na gundi ni asali ya miyombo. Debe moja tu, bure, kwa ajili ya binadamu wote. Roketi inasubiri Dodoma."

Apolinaria akazama nyuma ya kibanda. Akakawia. Akarudi akihema na debe lililofungwa vizuri.

"Chukua, mtani. Ila babu zetu wakipita Ugogo na mizigo, babu zenu waliwatoza hongo, ushuru wa kupita, hata kwa maji ya kunywa. Leo umepita kwangu. Vua koti."

"Mama, hili koti…"

"Na viatu. Mbona unanuna? Wewe mtani wa wapi, unanuna?"

Soko zima likaangua kicheko. Utani ameuleta mwenyewe. Angekasirika, angeaibisha Ugogo yote. Akavua. Moyoni akajifariji: debe la asali linanunua makoti mangapi?

Ndani ya treni, pekupeku, akafungua debe aonje. Juu asali, inang'aa. Akachovya kidole, kikagota. Kokoto! Kokoto mpaka chini, zimeshikana kama ndugu.

Kwa hasira akalipiga lile lundo ngumi.

Halikusambaratika hata kidogo. Kidole ndicho kilichohama njia.