Mkulima wa Ufini na Kurasa Zilizofungwa

Jumatatu, 4 Juni 1956. Kolwezi. Baridi kali. Tata Badibanga, mzee wetu na mwenyekiti wa Chama chetu cha Wasomaji, ametangaza kwamba Jumapili tutamchagua mkutubi, mtunza ufunguo wa kabati la vitabu. Wagombea ni wawili: mimi, karani wa ghala, na Ngeleka, mwalimu, mtu wa sauti ndogo na viatu visivyong'aa. Kila mmoja atahutubu juu ya kitabu kimoja. Nimechagua hadithi fupi za mwandishi wa Ufini, zilizofasiriwa kwa Kifaransa. Hakuna mtu wa Kolwezi aliyefika Ufini. Hakuna atakayenipinga.

Jumatano, 6 Juni. Nimefungua kitabu. Kurasa nyingi zimeshikana ukingoni, haziachani. Nimetafakari kwa utulivu. Filamu za Jumamosi hukatwa na serikali kabla ya kutufikia sisi Waafrika. Basi vitabu hufungwa. Yaliyomo ndani ni ya Wazungu. Raia mwema hachungulii. Nimesoma zilizo wazi. Mkulima anavuka ziwa lililoganda, yeye na farasi wake. Barafu inalia. Ukurasa unaofuata umefungwa. Mwisho nitautunga mwenyewe.

Ijumaa, 8 Juni. Mazoezi mbele ya kioo, saa mbili nzima. Mke wangu Bilonda alipaza sauti kutoka jikoni: "Baba Henriette, soma buku, acha kusoma kioo." Hajui siasa.

Jumapili, 10 Juni. Nilihutubu kwa ufasaha; wanachama tulikuwa thelathini. Barafu ilipopasuka, nilimwokoa mkulima kwa garimoshi. Ngeleka akasimama polepole.

"Tata Mukalay, pale juu ya barafu kuko gare ya garimoshi?"

Walicheka hata wa mstari wa mbele, ambao jana walikunywa bia yangu. Nikaeleza kwa heshima kwamba mwisho wenyewe umefungwa kwa amri. Ngeleka akatoa mfukoni kisu cha kumenyea machungwa, akapasua ukingo wa ukurasa ule, akafafanua kwamba vitabu vingi vya Ulaya hutoka kiwandani hivyo. Msomaji hukata mwenyewe. Kisha akasoma. Mkulima anafika ng'ambo, anamfunga farasi, anaomba kahawa. Ndiyo hayo tu. Makofi marefu. Bilonda naye alipiga. Ngeleka kapata ufunguo kwa kura ishirini na tisa. Ile moja ni yangu.

Jumanne, 12 Juni. Mkutubi mpya ameniletea kitabu cha pili cha Mfini yuleyule, pamoja na kisu. "Kata tu, tata. Hakuna mwenye kukataza." Nimemshukuru. Kisu nimekirudisha kwa mkono wa Bilonda. Farasi na kahawa: nani angefunga ukurasa kwa ajili ya hayo? Ni dhahiri kwamba ukurasa wa kweli waliuondoa mapema. Uchaguzi mwingine ni Desemba. Nimeanza kusoma kurasa zilizo wazi. Yupo mvuvi, upo msitu wenye theluji. Garimoshi nimekwisha kujua litatokea wapi.