Burito za Kumvuta Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Februari

Kikao cha familia kwa shemeji Rogaciano. Ajenda moja tu: mama mkwe, Doña Herlinda, alianguka bafuni mwezi uliopita na hawezi tena kuishi peke yake. Ahamie kwa nani? Kwa Rogaciano, mwanawe wa kumzaa, mwenye nyumba ya ghorofa na jiko la kuchomea nyama lenye magurudumu? Au kwangu mimi Evaristo, mkwe tu, mgane, mwenye vyumba viwili na paka asiyenipenda?

Mama alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha. Kisha akasema yeye hahamii mahali ambapo hajaonja chakula. Jumamosi atakula kwa Rogaciano, Jumapili kwangu, halafu ataamua. Rogaciano alicheka mpaka akashika mbavu. Ati, "Shemeji, wewe hata maji unaunguza!" Mkewe, Nohemí, akanionea huruma, akaniongezea keki. Keki nimeila. Maneno nimeyaweka moyoni.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Namtaka yule mama. Tangu mke wangu Amparo afariki nyumba imekuwa kimya, hadi najibizana na dada wa televisheni anayetangaza hali ya hewa. Na Doña Herlinda ndiye pekee aliyebaki duniani anayemkumbuka Amparo akiwa na meno ya utoto. Akienda kwa Rogaciano, hadithi zote hizo zinaondoka naye.

Jumanne, 17 Februari

Mpango umenijia nikinyoa ndevu. Jumamosi mama atashiba nyama ya Rogaciano, Jumapili atakuja kwangu kwa adabu tu. Basi nimtangulie! Nimempigia simu, nikamdanganya kwamba Jumapili fundi bomba anakuja kuvunja jikoni, kwa hiyo tule Ijumaa.  Akauliza, Ijumaa hii? Nikamwambia ndiyo Mama, Ijumaa hii hii. Akasema, "Haya, unajua mwenyewe utakachopika." Imani ya namna hiyo kwa mkwe ni adimu.

Nitakachopika ni siri. Nohemí ana masikio. Lakini hapa naandika: burito za nguruwe wa pilipili nyekundu, nyama iliyokunjwa ndani ya tortila, kama za Amparo. Alikuwa akipika kwenye jungu lake la umeme, lile la taratibu. Unatia nyama asubuhi, unaondoka zako, jioni inachambuka yenyewe. Nimelishusha kutoka juu ya kabati. Kishikio cha kifuniko kilivunjika zamani, Amparo akaweka kizibo cha chupa mahali pake. Bado kipo. Nimekaa na jungu mapajani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni nimenunua bega zima la nguruwe. Bucha limejaa watu, kila mtu anabeba nyama kana kwamba kesho haipo. Muuzaji akaniuliza kama na mimi namalizia malizia. Nikamwambia ndio kwanza naanza. Akaniangalia vibaya. Sijui ana nini.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Kanisani mapema, kiti cha mbele, ili mama mkwe anione. Padri alizungumza sana habari za kujinyima. Sikuyafuata yote, nilikuwa napiga hesabu ya nyama na vichwa. Mlangoni mama akanishika mkono, akasema anaona Kwaresima hii nimeingia kwa moyo mmoja. Nikainamisha kichwa chenye majivu. Pointi kwangu! Majivu ya Rogaciano yalikuwa hafifu kabisa, mtu angedhani ni kivuli cha kofia.

Alhamisi, 19 Februari

Siku ya mateso. Nimekaanga pilipili kavu bila mafuta, kama nilivyomwona Amparo akifanya. Yeye hakuwahi kutoa moshi ule. Nimekohoa hadi nikapiga magoti. King'ora cha moto kimelia. Paka amehama.

Halafu tortila, zile chapati nyembamba za kukunjia. Kwa Doña Herlinda tortila za dukani ni tusi. Nimekanda unga, nimesukuma, zikatoka na maumbo ya soksi. Nimekwenda kwa yule mama wa kona anayeuza za kwake. Kesho nitajipaka unga kwenye shati na kidogo puani. Atakayeniuliza kama nimezipika mwenyewe, nitajipangusa pua tu.

Ijumaa, 20 Februari

Jungu limewashwa alfajiri. Nyama ndani, pilipili ndani, vitunguu saumu, majani ya oregano. Kitu kimoja Amparo alikuwa akikipigia kelele: usifunue! Kila ukifunua joto linatoroka. Lakini kwetu hapa El Paso nani anaingia jikoni bila kufunua chungu? Hata salamu inasubiri. Jirani Abundio, mlokole, amefunua, ameonja mchuzi, amesema amina, amefunua tena. Binti yangu Yadira amekuja kuleta viti, amefunua, akanitazama. Akauliza, "Baba, una uhakika na hii, leo?" Nimechukia. Hata mtoto wangu anayadharau mapishi yangu! Nimemfukuza. Nami nimefunua mara kadhaa, kwa wasiwasi tu.

Jioni wote mezani, hata Rogaciano na Nohemí wamekuja kuonja. Mama mkwe na shali yake nyeusi. Nikaleta jungu mwenyewe, unga puani, nikafunua kwa madaha.

 Nohemí akafanya ishara ya msalaba. Rogaciano akaniinamia, akaninong'oneza taratibu kama mtu anayetoa habari za msiba: "Shemeji. Nguruwe. Ijumaa. Ya Kwaresima."

Mungu wangu! Ijumaa za Kwaresima Mkatoliki hali nyama, na mimi nimepika bega zima. Sakafu ingepasuka ningeshukuru. Nikamwona mama tayari yuko kwenye ghorofa ya Rogaciano, na mimi na dada wa hali ya hewa hadi kufa. Rogaciano akaanza kucheka. Mama akamwambia afunge mdomo. Akachukua uma, akachoma nyama. Uma haukuingia. Akasema, "Mungu amekuhurumia, hata haijaiva."

Akachukua kifuniko alifunike jungu. Akakiona kile kizibo. Akakishika kwa vidole viwili. Kisha akatusimulia kwamba Amparo akiwa na miaka minane aliiba soseji siku ya Ijumaa Kuu, akaila nyuma ya tangi la maji, halafu akaja kuapa hajala kitu huku mafuta yanamchuruzika kidevuni. Akacheka. Akalia. Mimi nikasema ni pilipili ndiyo iliyoniingia machoni. Hakuna aliyenibishia.

Tumekula tortila kwa maharage na jibini. Jungu likachomekwa tena kwenye umeme. Mama akaweka kitabu chake cha sala juu ya kifuniko na kutangaza kwamba atalala hapa hapa alinde, maana nyumba hii haina mtu wa kuachiwa chungu. Abundio alikuja kuaga, akanyoosha mkono, akaona kitabu, akaurudisha mfukoni.

Jumamosi, 21 Februari

Nyama inachambuka kwa kuitazama tu! Mama amekunja burito, mimi nimezifunga kwenye foili, tukazipeleka kwa Rogaciano kwenye karamu yake. Akawasha lile jiko la magurudumu kwa heshima zote. Nyama yake ikapoa, watu wamejaza burito midomoni. Yeye mwenyewe alikula tatu, akijificha nyuma ya jiko.

Ndipo mama akatangaza. Anahamia kwangu. Rogaciano akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, mimi nimekukosea nini?" Mama akamshika shavu. Akamwambia, "Hujanikosea, baba. Wewe una mke wa kukukumbusha Ijumaa. Huyu ana nani?"

 Baadaye Rogaciano mwenyewe amebeba masanduku ya mama kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye gari langu, hataki nimsaidie.

Jumapili, 22 Februari

Mama yuko sebuleni na kiti chake. Paka amerudi, yuko mapajani kwake. Tangu asubuhi nimesikia hadithi nne za Amparo, mbili sikuzijua kabisa. Televisheni sijaiwasha.

Nimetafakari ushindi huu kwa kina. Siri yake ni mbili: kuficha mapishi na kusogeza siku. Laiti ningepika Jumapili kama nilivyopangiwa, ningekwisha! Akili imefanya kazi.

Nataka kumshukuru mama kwa mlo mkubwa wa kumkaribisha rasmi. Nimeshaagiza mbavu za nguruwe, zitakuja nzima nzima. Sijamwambia mtu, hasa Nohemí. Nimechagua Ijumaa, maana nimeona ndiyo siku yangu ya bahati.