Shemeji Amelala Tu

Jumamosi, 7 Februari

Mvua tangu asubuhi. Ukungu umeshuka hadi mlangoni. Baba amerudi na lori kutoka machimbo ya Ngaka, mweusi wa makaa ya mawe hadi kwenye kope. Akaoga, akala, kisha akaiambia sahani yake, si sisi, kwamba Mama atakuja tarehe ishirini na nane. Atakuja na kaka yake, Mjomba Nathanieli. Kutakuwa na kikao. Mzee Methodi, aliyekuwa mshenga wao zamani, ataketi kati. Ama Mama anarudi hapa Mbinga, ama anabaki kwao Lipingo, kule ziwani, moja kwa moja.

Kisha akaomba chumvi.

Moja kwa moja!

Nieleze hali, maana daftari hili ni jipya. La zamani niliandika kwa Kiingereza ili Praygod asielewe. Alielewa. Akanisahihishia na sarufi.

Praygod ni mtoto wa Shangazi Ottilia. Shangazi alikuja mwezi wa sita kutusaidia kuchuma kahawa. Kahawa ikaisha. Shangazi hakuisha. Mama akasema jiko hili halina nafasi ya wanawake wawili. Baba akasema huyo ni dada yangu, nimfukuze? Mwezi wa tisa Mama akapanda gari la Mbamba Bay na begi moja. Cherehani yake aliiacha. Hiyo cherehani ndiyo tumaini langu. Mtu haachi cherehani mahali asiporudi.

Na alimwacha Shemeji.

Shemeji ni samaki. Mkubwa sawa na kiatu cha Baba, mwenye mabaka ya kahawia kama chui aliyenyeshewa. Mama alimleta kwa ndoo kutoka Lipingo, na Mjomba, ambaye ni fundi vioo, akamtengenezea tangi linalokula nusu ya sebule. Kwa kuwa katoka ukweni, Baba akamwita Shemeji. Sisi Wamatengo wa milimani tunajua kahawa na mahindi. Samaki tunamjua akishakauka. Siku ya kwanza tu Shemeji alilala ubavu juu ya mchanga, macho wazi, hatikisiki. Baba alisikitika sana. Akamtoa, akamzika chini ya mbuni wa kahawa uani. Mama alitoka mbio, akamfukua kwa mikono, akamrudisha majini. Shemeji akaogelea! Mama akasema ndivyo wanavyowinda hawa: anajifanya maiti, vidagaa wanakuja kumdonoa, anawameza. Alicheka hadi akakaa chini kwenye matope. Baba naye. Sijawasikia tena wakicheka pamoja.

Siku anaondoka, Mama aliniambia nimtafutie Shemeji wenzake, asikae peke yake. Sikufanya kitu. Mimi huona haya hata mbele ya samaki.

Sasa nina wiki tatu. Mpango: Mama anaingia, anaona tangi limechangamka, moyo unalainika, anabaki. Sioni kasoro.

Jumatatu, 9 Februari

Chumba cha kompyuta shuleni. Nilitakiwa kusoma mmomonyoko wa udongo. Nimesoma Kiingereza cha wafuga samaki. Watu wakali sana. Wanasema mwenzake asiwe wa kuenea mdomoni. Asifanane naye rangi, atamdhania mpinzani. Asiwe mwoga, ataonewa. Asiwe mkali, wataumizana. Kila mmoja awe na pango lake. Na kabla ya kuleta mgeni, mchunguze kwanza aliyemo ndani.

Nimemchunguza. Nimempima mdomo kwa rula. Rula imebaki na alama.

Praygod, ambaye hulala kwa mshazari kwenye kitanda changu, alisoma kanuni zangu na kusema mbona ni kama wanatusema sisi. Sikumwelewa. Nikamwambia asogee ukutani.

Jumatano, 11 Februari

Bwana Masoudi huleta usipa, wale dagaa wadogo, sokoni kutoka ziwani. Nilipita mbele ya meza yake, nikarudi, nikapita tena, ndipo sauti ikapatikana. Nikasema shikamoo, nikiangalia ndoo. Akaitika marahaba, akaongeza kwamba ndoo haina masikio, kijana, inua uso useme shida yako.

Ameniletea samaki wa bluu, walio hai, wanang'aa kama sare za kwaya. Nilimwuliza kama si wadogo mno. Akasema samaki si suruali, mwanangu, hapimwi. Hawa wapole kama masista.

Niliwatia. Shemeji alipowaona tu akajilaza ubavu. Najua, najua. Lakini alikuwa ameshakula! Nadhani alikuwa anapumzika, kama mtu aliyepata wageni wa kuaminika.

Alhamisi, 12 Februari

Hakuna wa bluu hata mmoja. Shemeji amekaa pangoni mwake, tumbo mbele, hataki maongezi. Shangazi alipita na ndoo ya maji, akatazama tangi, akasonya. Akasema pole, lakini aliisemea mbali sana, kule jikoni.

Jumatano, 18 Februari

Kosa lilikuwa udogo. Nimepata perege watatu hai kwenye bwawa la jirani mmoja wa bondeni. Wakubwa, wazito, hawaingii mdomo wowote. Kwa kufuata kanuni niliwaweka kwanza kwenye beseni jikoni, wapoe na safari. Nikafunika kwa ungo. Sikumwambia mtu. Kumwambia Shangazi kungehitaji kuzungumza na Shangazi.

Leo ni Jumatano ya Majivu. Nyama hailiwi. Nimerudi kutoka misa na majivu kwenye paji la uso, nikakuta nyumba inanukia vizuri. Shangazi alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona. Alisema alikuwa anajiuliza atapika nini siku kama ya leo, akafunua ungo, kumbe Mungu kashatangulia! Akaniwekea mkubwa kuliko wote. Akasema Mansuetus, yaani mimi, hasemi, lakini ana moyo, ona alivyoikumbuka Kwaresima bila kuambiwa.

Ningesema nini? Nilikula. Naungama hapa: alikuwa mtamu. Praygod alipakua tena.

Wakati wa kuosha vyombo Shangazi alizungumza peke yake, kwa sauti ya kutaka asikike. Kwamba mashimo yake ya ngolo, yale ya kulimia mlimani, huko nyumbani yameota magugu. Kwamba anangoja kaka yake amwambie sasa inatosha, dada, asante. Kwamba katika nyumba hii hakuna anayemwambia mtu kitu. Nilikuwa nasuza sahani nikifikiria samaki asiyelika.

Jumamosi, 21 Februari

Kambale!

Masoudi aliapa. Alisema huyu mzee wa watu, tazama ndevu, umemwona wapi mwenye ndevu mgomvi? Nilimwona jana tu, ni jirani yetu, lakini sikutaka kubishana. Kambale ni mkubwa. Rangi tofauti. Hatoshi mdomoni. Kanuni zote zimetimia.

Ila tangi halikumtosha, kwa hiyo niliyatoa mawe. Ni mawe ya Lipingo. Mama aliyapanga kwa mkono wake yawe pango la Shemeji. Nimeyarundika uani. Praygod aliuliza sasa Shemeji atajificha wapi. Nikamjibu: asiyemkosea mtu hajifichi. Sentensi nzuri sana. Ndiyo maana nimeinakili hapa.

Jumanne, 24 Februari

Mkia wa Shemeji umechanika. Upande mmoja magamba yamebanduka, nyama inaonekana nyeupe.

Alfajiri kambale aliruka nje ya tangi. Akavuka sebule kwa tumbo, taratibu, akielekea mlangoni kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Shangazi akamkanyaga akienda kuwasha moto. Yowe lake lilisimamisha lori la makaa barabarani. Dereva alishuka na spana. Shangazi alisema maneno ambayo Kwaresima hairuhusu, kisha akachukua kisu. Mchana tumemla.

Praygod alirudisha mawe mawili majini bila kuniuliza. Nikayatoa. Mama akiingia nataka kila kitu kionekane. Shemeji amejikunja kona, kauelekea ukuta. Nimetia chumvi, maana wale wa Kiingereza wanasifu chumvi. Kiasi sikukielewa. Nimetia ya kutosha mboga.

Nafanya pia mazoezi ya maneno ya kikao. Ni matatu tu: Mama, rudi nyumbani. Kwenye shamba la kahawa nayatamka vizuri kabisa. Akipita hata mbuzi nakwama.

Ijumaa, 27 Februari

Ushindi!

Masoudi kaleta vidagaa weupe. Nilipowatia, Shemeji alikuwa ameshalala ubavu, tayari kwa ujanja wake. Amepona! Vidagaa wakamsogelea. Wakaanza kumdonoa mkia. Hakuruka. Wakamdonoa tumbo. Hakuruka. Mmoja akamdonoa jicho, na Shemeji akavumilia. Nimekaa mbele yao tangu nitoke shule, na hajala hata mmoja.

Hatimaye wanaelewana. Sijaona amani kama hii katika nyumba hii tangu mwezi wa sita.

Praygod alikuja akatazama. Akasema, Mansu, yule... Akaishia hapo, akaniwekea mkono begani. Wivu.

Jumamosi, 28 Februari

Mama amekuja. Amekonda. Nilisema shikamoo na sauti ikatoka nusu. Akanishika shavu, akasema umerefuka, baba. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza mawe yako wapi. Nikasema uani. Akaingiza mkono majini, akamgusa Shemeji, akautoa, akaufuta kwenye khanga.

Mzee Methodi alifungua kwa sala. Mjomba Nathanieli akasema dada yake hakufukuzwa, ni kweli, lakini pia hakuitwa. Miezi yote hii hata salamu ya kumwita. Baba aliangalia mikono yake. Makaa hayatoki kwenye mistari ya viganja. Akasema barabara ilikuwa na kazi nyingi.

Ndipo Shangazi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba yeye yuko tayari kurudi kwake hata kesho. Wifi yake hajamkosea. Anangoja kuambiwa tu. Atajiondoaje kwenye nyumba ya kaka yake kama mwizi? Mtu mmoja aseme, naye atafunga mzigo.

Baba akasugua kiganja kwa kidole gumba. Mama akamtazama.

Mzee Methodi akasafisha koo. Akasema basi tumsikie mtoto, nyumba hii ni yake pia. Mansuetus, wewe unataka nini? Sema, hakuna atakayekukaripia.

Wote wakanigeukia. Praygod alikuwa anaitikia kwa kichwa kunihimiza, kama kocha ukingoni mwa uwanja. Mama aliinama mbele kidogo. Maneno yalikuwepo, yote matatu, niliyahisi kwenye meno. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Samaki amepata wenzake."

Mzee Methodi akarudia polepole: samaki amepata wenzake. Akangoja nimalizie. Nilikuwa nimemaliza.

Mama akakunja upindo wa khanga, akaukunjua. Akasema haya. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Kabla ya kuondoka aliniita pale kwenye mbuni, akanishika mikono yote miwili. Akaniambia Shemeji amekufa, mwanangu, tena si leo. Mzike. Na nikitaka kumwona yeye, gari za ziwani zipo kila siku. Nikaitika ndiyo Mama. Sikubishana, ni mama yangu. Lakini hajamwona Shemeji tangu mwezi wa tisa. Amesahau tabia zake.

Mjomba aliibeba cherehani kichwani hadi kwenye gari.

Jumatatu, 2 Machi

Cherehani imekwenda kutengenezwa. Ilikuwa inakata uzi, nakumbuka vizuri. Bila shaka Lipingo kuna fundi mzuri. Itarudi, na mwenyewe pamoja nayo.

Shangazi ameondoka asubuhi. Hakuna aliyemwambia. Alijiambia. Alitupikia maharage ya siku kadhaa, akampa Baba mkono, na mimi akanikumbatia hadi mbavu zikalia. Kabla ya kuondoka naye, Praygod aliyaosha mawe yote ya Lipingo na kuyapanga kwenye ngazi ya mlango. Nimelala kwa mshazari ili kujaribu. Kitanda kimekuwa kikubwa mno.

Jioni Baba aliiambia sahani kwamba sebule inanuka. Akachukua jembe, akasimama mbele ya tangi. Nikamkumbusha yale ya siku ya kwanza, alivyomzika Shemeji akiwa mzima na Mama akamfukua. Baba alifikiri. Akaangalia mlangoni, kama mtu anayetegemea kuona mwingine akija mbio. Akaliegemeza jembe ukutani, akavuta kiti, akaketi nami. Vidagaa walikuwa wanaingia na kutoka ubavuni mwa Shemeji.

Nikasema amelala tu. Baba akasema ndiyo, amelala tu.

Nimeshagundua kosa. Ni rangi. Weupe wanamchosha. Kesho nitapita kwa Masoudi: wawili, wa njano, wapole.