Ndara Jozi Nne

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mvua. Mimi Sugimori, mbunifu wa michezo ya video, miaka thelathini na tisa, mchezo mmoja tu uliowahi kuuzwa, leo nimepata wazo. Wazo hasa! Michezo yetu yote ya mashujaa ni kijana, upanga na joka. Katika wangu, mchezaji ni mama mwenye nyumba ya wageni, kama mama yangu kule Kinosaki. Mashujaa wanne wanarudi jioni na majeraha. Unawapikia, unawapashia maji ya kuoga, unawasikiliza. Mlangoni umewapangia ndara jozi nne. Siku moja zinavaliwa tatu.

Nimeandika ukurasa mmoja. Nikalia kidogo. Kikao ni Ijumaa. Bi Tatewaki, mkuu wetu, ameshasema nikikosa jipya safari hii nahamishiwa kuandika vijitabu vya maelekezo.

Jumanne, 4 Juni
Mjanja haendi kikaoni hivihivi. Anapita kwanza meza kwa meza, anawalainisha, ili siku yenyewe wabaki kuitikia tu. Nimenunua keki za manju, zile zenye maharage matamu ndani. Hirose wa muziki amekula mbili, akasema wazo zuri, ila bila vita ngoma zake azipige wapi? Nimeongeza pambano. Dogo tu!

Jumatano, 5 Juni
Nagahama, mchoraji, amekula tatu. Akauliza kama kweli nataka achore masufuria mwaka mzima, na joka lake limekosa nini. Nimeongeza joka. Watu wa mauzo wanataka shujaa awe kijana. Haya. Mama sasa ni shangazi yake. Anatokea mara moja, anampa tonge la wali.

Alhamisi, 6 Juni
Kuramochi! Hasimu yangu tangu siku tuliyoajiriwa. Amekataa manju. Ameusoma ule ukurasa wa kwanza, akaniambia nisiguse kitu, niache kuzungukazunguka. Hata ukurasa hajanirudishia. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Juni
Wote waliitikia. Laini kabisa. Kisha Bi Tatewaki akafunga kurasa zangu arobaini, akauliza jipya liko wapi. Hirose akatazama dari. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Kuramochi akainuka, akampa ule ukurasa mmoja. Bi Tatewaki akasoma, akavua miwani. Akasema baba yake alipofariki, mama yake aliendelea kumwekea ndara mlangoni miaka sita. Nimepewa hadi Jumatatu, nirudi na ukurasa huo mmoja, kama ulivyo.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelifahamu kosa langu: niliwapitia watu wachache mno. Hata mama mwenyewe nilimruka! Nimempigia simu. Akacheka, nani atacheza mchezo wa kuosha vyombo, mwanangu? Weka japo mwizi. Akauliza nitakwenda lini, ndara zangu bado ziko mlangoni. Nikamwambia nina kazi.

Nimeongeza mwizi. Mdogo tu.